Mbuzi Anayeijua Tarehe ya Harusi

Mazungumzo ya leo ni ya gemu, na najua wapo wazee ambao mikono yao imeshaanza kutafuta stesheni nyingine. Subirini kidogo. Sizungumzii gemu za kupigana wala za magari. Nazungumzia zile za kufuga: unapewa mnyama ndani ya kioo, unamlisha, unamsafisha, unamzimia taa alale, na ukimsahau anadhoofika. Na hata katika hizo nachagua kundi dogo, zile zenye kichekesho kichungu, zinazokuchekesha kwa habari za njaa, maradhi na kifo, kisha unajitazama na kujiuliza umecheka nini.

Tuanzie Japani, tarehe 23 Novemba 1996. Siku hiyo kampuni ya Bandai ilianza kuuza kidude cha plastiki chenye umbo la yai, kinachoenea kiganjani, chenye vitufe vitatu na kioo kidogo cha kijivu. Kiliitwa Tamagotchi. Waliokibuni ni Akihiro Yokoi wa kampuni ya WiZ na Aki Maita wa Bandai, na waliolengwa mwanzoni walikuwa wasichana wa rika la shule. Kiumbe kinaanguliwa, na kuanzia hapo hakuna raha. Kina mioyo minne ya shibe na mioyo minne ya furaha, yote inapungua saa zikienda. Kinachafua sakafu, unakisafishia. Kikiugua, alama ya fuvu la kichwa inatokea pembeni. Kuna hata mahali pa kukikaripia, maana mara nyingine kinakuita bila shida yoyote, deko tu. Malezi yako ndiyo yanayoamua kitakuwa nani ukubwani: ukikilea vizuri kinapendeza, ukikitupa kinakuwa na sura ya kutia huruma, na kuna njia moja ya siri ambapo kinaishia kuwa na sura ya baba wa makamo. Fikiria unahangaika na kitoto hicho, halafu anakutokea mjomba.

Na kinakufa. Kwenye toleo la Kijapani kikifa unaonyeshwa kaburi na mzuka ukielea kando yake. Vidude vilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997, kaburi liliondolewa. Badala yake kikaja kimalaika, na maelezo kwamba mpendwa wako amerudi kwenye sayari yake.

Nawaelewa waliofanya hivyo, walikuwa wanawahurumia watoto. Lakini waliondoa kichekesho. Kaburi kwenye kidude cha kuchezea linachekesha kwa sababu mtuhumiwa ni mmoja tu, na ndiye aliyekishika mkononi. Ulikwenda kwenye mtihani wa hesabu, ukarudi, kaburi. Malaika anakupa pa kujificha: hukumuua, amesafiri. Na baada ya kaburi lile la Kijapani kuna jambo chungu zaidi, ambalo halikuandikwa popote kwamba ni utani: unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, linakuja yai jipya. Hakuna matanga, hakuna arobaini. Yai jipya, kazi iendelee.

Hata watu wazima walihangaika na Tamagotchi. Kusini mwa Uingereza, mwenye makaburi ya wanyama alitenga kipande cha eneo lake kwa ajili ya kuzikia vidude hivi. Na mwaka 1997 ile Tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa mafanikio yanayochekesha kwanza, iliwaendea Maita na Yokoi katika fungu la uchumi, kwa kuhamisha mamilioni ya saa za kazi za watu na kuzipeleka kwenye ufugaji wa wanyama ambao hawapo.

Baada ya hapo biashara ikajifunza kutoua. Paka Tom anayerudia maneno yako kwa sauti nyembamba, aliyetoka mwaka 2010, unaweza kumpiga kofi mpaka aanguke, na atainuka. Pou, yule wa kahawia mwenye umbo la kiazi aliyetoka mwaka 2012, ukimwacha atachafuka, atanuna, atapungukiwa na furaha, lakini hafi. Sababu siyo huruma peke yake. Aliyekufa hanunuliwi kofia.

Sasa nije kwa ninayemwona bwana wa wote katika aina hii. Naye ni samaki.

Mwezi Julai 1999, kwenye mashine ya michezo ya Dreamcast ya kampuni ya Sega, Wajapani waliletewa gemu iitwayo Seaman. Agosti mwaka uliofuata ikafika Marekani. Aliyeibuni ni Yoot Saito na kampuni yake ya Vivarium. Unapewa tangi la maji, tupu, baridi. Unawasha kipasha joto, unaongeza hewa, unatia yai. Gemu inakuja na kipaza sauti cha kuchomeka kwenye kidhibiti unachoshika, maana mnyama huyu unazungumza naye. Kila unapowasha mashine, sauti ya mzee mmoja inakukaribisha na kukupasha habari za tangi. Katika toleo la Kiingereza mzee huyo ni mwigizaji Leonard Nimoy, yule yule aliyeigiza Spock wa hadithi za anga, na anasema kila kitu kwa utulivu wa mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Utulivu huo ni nusu ya kichekesho, kwa sababu mambo yanayotendeka humo tangini ni ya kutisha.

Sikilizeni. Yai linaanguliwa, vinyama vidogo vinaelea majini, na humo tangini yumo pia mnyama wa baharini mwenye gamba la mzunguko. Anavimeza. Unakaa hapo na kipaza sauti chako, huna la kufanya. Kisha mnyama yule anaanza kuumwa, anakufa, na kutoka ndani yake vinatokea visamaki vyenye uso wa binadamu. Uso kamili, wenye pua na mdomo, na uso huo ni wa Saito mwenyewe. Visamaki hivyo vina mrija kichwani. Vinaunganishana mirija na kunyonyana damu, mpaka vinabaki viwili. Hao wawili waliobaki ndio watoto wako. Walee.

Chakula chao ni viwavi, na viwavi nao unawafuga kwenye sanduku la pembeni, unawanyunyizia maji. Ukiwa mkarimu ukawalisha samaki viwavi wote, hakuna aliyebaki kuwa nondo wa kutaga mayai, na njaa itakayokuja umeipika mwenyewe. Humo gemuni hakuna atakayekuonya kwa herufi kubwa nyekundu.

Na samaki akikua anaongea. Hasemi nakupenda. Anakuuliza una miaka mingapi, umezaliwa lini, unafanya kazi gani, na majibu anayaweka. Siku nyingine anayarudisha kwa namna ya mtu asiyevutiwa hata kidogo na maisha yako. Ukimwambia jambo asilolielewa, anakulaumu wewe. Hapa naomba tusimame kidogo, maana ufundi wote umelala hapa. Mwaka 1999 mashine ya nyumbani iliweza kutambua maneno machache tu ya mtu anayesema. Angewekwa mbwa mpole mwenye macho makubwa, kila asipoelewa ungeona mashine mbovu. Akawekwa samaki mwenye kiburi, na kila asipoelewa unaona kiburi. Upungufu wa mtambo umegeuzwa tabia ya mtu. Mbunifu yeyote kijana anayenisikiliza hivi sasa, mwenye kompyuta dhaifu na bajeti ya kuungaunga, asikie hilo vizuri.

Hebu nilinganishe na gemu nyingine ya mwaka ule ule wa Tamagotchi, iitwayo Creatures, ya Mwingereza Steve Grand. Viumbe wake, norni, walipewa ubongo wa kuigiza unaojifunza kweli, kemia ya mwili, na vinasaba vinavyorithishwa kwa watoto. Unawafundisha kwa kuwakuna au kuwachapa. Ni kazi ya ajabu, naiheshimu sana, lakini haichekeshi, na ukimtesa norni huoni utani, unaona mateso. Kwa nini? Kwa sababu norni hana la kukujibu. Kicheko chote kinamwangukia yeye, aliye dhaifu. Samaki wa Saito amegeuza mkondo: anayefugwa ndiye anayemcheka mfugaji. Unampashia maji joto, unamfugia viwavi, naye anakuuliza kwa nini huna mchumba.

Na huyo, jamani, sisi tunamjua. Huyo ni mtani.

Hatuna haja ya kujifunzia kichekesho cha msiba Tokyo. Wangoni na Wahehe wa Tanzania walipigana vita vikali karne ya 19, na wajukuu wao wakaishia kuwa watani. Mtani akifika msibani anafanya mambo ambayo mwingine angefukuzwa kwa mawe. Anavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Analala kwenye njia ya jeneza mpaka apewe kitu kidogo. Anatangaza mbele ya wakwe kwamba afadhali amekwenda, alikuwa mchoyo, hata mimi ananidai. Mjane anacheka, na hakuna anayemshangaa.

Anaruhusiwa kwa nini? Wengi wanajibu kwamba ni mila, wanaishia hapo. Lakini tazameni mtani huyo amekuwa akifanya nini tangu asubuhi. Mara nyingi ndiye aliyeshika jembe kaburini. Ndiye aliyebeba maji, aliyepasua kuni, aliyefanya zile kazi ambazo wafiwa hawaziwezi siku hiyo. Ruhusa yake ya kucheka ameilipia kwa jasho, na anayemdhihaki ni mtu anayemhudumia. Aje mpita njia asiyeshika hata ndoo, atoe mzaha ule ule neno kwa neno, muone kitakachompata. Na kuna misiba ambayo hata mtani mwenye akili hunyamaza, anashika jembe tu.

Basi kama ningekuwa na umri wa kutengeneza gemu, ningeanzia hapo. Ningetengeneza gemu ya mbuzi.

Unafungua simu, unamkuta beberu mchanga amefungwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Gemu inakuomba umpe jina, nawe unampa bila kufikiri, na kosa la kwanza limeshafanyika. Siku za mwanzo ni mbuzi wa kawaida. Unampa majani, unampa pumba, unabadilisha maji, unafagia. Anasema mee. Pembeni kuna mstari wa shibe na mstari wa uzito, na kuna mstari wa tatu, umeandikwa Michango. Huelezwi ni michango ya nini. Unaona tu unapanda polepole.

Kisha jioni moja, ukishamzoea, unapoweka pumba, mbuzi anainua kichwa na kusema kwa mara ya kwanza: "Bosi, michango imefika ngapi?"

Hapo ndipo unapogundua kwamba binamu yako anaoa, kwamba wewe umo kwenye kamati, na kwamba huyu chini ya mwembe ndiye ndafu. Kwa mlio mbali na Tanzania: ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, mila ya Wachaga iliyoenea mpaka kwenye kumbi za Dar es Salaam. Anasimamishwa kwenye sinia, amepambwa, mdomoni ana majani, anaingizwa kwa muziki, na MC anamtangaza kwa mbwembwe kuliko alivyomtangaza baba wa bwana harusi.

Injini ya gemu ni hii. Ukimtunza vizuri ananenepa, na akinenepa anachaguliwa. Ukimtupa anakonda, na kamati ikija kumkagua inamkataa. Mapenzi yako ndiyo yanayomuua na uvivu wako ndio unaomwokoa, na wewe mikono yako imezoeshwa na kila gemu uliyowahi kucheza kwamba mstari ukipungua, uujaze. Utaujaza. Mbuzi atakuomba usiujaze. "Leo sili, niko kwenye dayati." Utamsukumia pumba hivyo hivyo.

Na kwa kuwa hana silaha nyingine, mbuzi ataanza kampeni. Atajua kila kinachozungumzwa kwenye kikundi cha kamati cha WhatsApp, na yeye lengo lake ni moja tu, harusi ivunjike. "Mama mdogo wako ameahidi elfu hamsini. Huyo huyo wa mwaka jana?" Kesho yake: "Ndoa siyo jambo la kukurupukia. Wangesubiri hata miaka miwili wakafahamiana." Keshokutwa, akitafuna taratibu: "Nasikia bwana harusi ana mtoto Morogoro. Mimi sisemi kitu." Usiku wa manane simu inatoa mlio: "Bosi, umelala? Mimi bado."

Mnaona anayechekwa hapo ni nani. Mbuzi ana hoja. Tunaochekwa ni sisi na kamati zetu, kadi za mchango zenye viwango, ahadi za mdomo, wapambe wanaogombania rangi ya vitambaa vya viti ilhali ukumbi haujalipiwa. Mbuzi ndiye mtu pekee katika gemu nzima anayesema kweli kuhusu harusi hiyo, na anaisema kwa sababu mbaya.

Kuna mambo mawili nisingeyaruhusu. La kwanza, kisu. Kisionekane, wala tone la damu. Anayetaka kuona mbuzi akichinjwa ana machinjio, na kichekesho cha aina hii kinaishi kwenye yale yanayojulikana na wote bila kuonyeshwa. La pili ni fedha, na hapa nina ukali kidogo. Najua atatokea mtu wa biashara atakayesema tuweke kitufe: lipa shilingi elfu mbili, mwokoe mbuzi wako. Mtu huyo aondolewe kwenye mkutano. Uhai wa mbuzi ukishawekewa bei, mtani amegeuka mtekaji nyara, na mchezaji anayelipa hachekeshwi tena, anakamuliwa. Kama gemu ni ya kuuzwa, iuzwe yote kwa bei moja mlangoni.

Hila nyingine zote ruksa. Mchezaji aweze kumfungua kamba usiku, kisha asubuhi amkute mbuzi amerudi mwenyewe kwa sababu ya pumba. Aweze kupendekeza kwa kamati mbuzi wa jirani, na gemu impeleke kwa jirani, akamkute mbuzi huyo naye ana jina, na mtoto wa jirani amekaa pembeni yake akimsomea hadithi ya shuleni. Aweze hata kuivuruga michango mpaka harusi isogezwe mbele. Mbuzi atashangilia usiku kucha. Siku ya pili shangazi ataanza kutafuta nani alisambaza habari za Morogoro, na mbuzi atamtaja mchezaji.

Mbuzi akikonda akakataliwa, ataishi, na atakusimanga mpaka mwisho wa gemu kwamba ulimnyima chakula.

Lakini wachezaji wengi, nina hakika, watamnenepesha. Siku ya harusi ikifika, simu haina picha, ina sauti tu: muziki, vigelegele, MC akiwaomba wageni wasimame kumpokea mgeni rasmi wa tumbo. Makofi. Halafu unaingia ujumbe wa kamati ukikushukuru kwa kufanikisha, na kukukumbusha kwamba salio la ukumbi halijakamilika na siku ya kuvunja kamati usije mikono mitupu.

Asubuhi yake chini ya mwembe kuna mbuzi mwingine, wa kipaimara cha mtoto wa dada. Gemu inakuuliza jina lake. Huyu hatasubiri uzoeane naye, ataanza kusema papo hapo, atakuuliza yule aliyekuwa hapa kabla yake yuko wapi. Wabunifu watagombana kama mchezaji aruhusiwe kumweleza ukweli. Mimi ningeweka majibu matatu ya kuchagua: amesafiri, amepata kazi Dodoma, anakusalimia sana.